Chumvi, Pilipili na Chombo Chake

Mkimbizi mgeni wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, akiomba mchele dukani Mchesi, Lilongwe, aweza kupewa chumvi. Kwani kwa Kichewa mchere ndiyo chumvi.

Wengi wao wametoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutokana na maji ya chemchemi, iliuzwa tangu kale. Chumvi isiyochanganywa na kitu huvuta unyevu na kugandamana, hivyo haifai kichupa cha matundu. Mwaka 1911 Morton ya Chicago iliichanganya na kabonati ya magnesi ili imiminike.

Basi mwenye chumvi ya mawe achague kopo lenye mfuniko, hasa wakati wa mvua. Matundu tuyaachie pilipili manga, ambayo, ingawa jina lake ni la Uarabuni, asili yake ni Malabar, Bara Hindi.