Kijiji cha Makumbusho

Kijiji cha Makumbusho ni makumbusho ya wazi jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kilianzishwa mwaka 1966 na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Huhifadhi nyumba za asili za makabila mbalimbali. Miongoni mwazo ni msonge wa Wahaya wa Bukoba na Muleba: nyumba ya duara ambayo paa lake la nyasi hushuka hadi chini. Kwa desturi sakafu yake hutandikwa nyasi, na kibanja cha migomba na mibuni huizunguka. Misonge imeadimika vijijini tangu mabati yaenee. Kwa kuwa nyasi za paa huoza na paa hulazimika kuezekwa upya, kuihifadhi nyumba hii ni kuuhifadhi pia ufundi wa kuiezeka.