Bernard Membe: Kutoka Usalama wa Taifa hadi Sanduku la Kura

Mwaka 1977 Serikali ilipoikabidhi ANC shamba la mkonge lililotelekezwa Mazimbu, Morogoro, usalama wa wapigania uhuru hao ulikuwa jukumu la dola na chama kwa pamoja. Ni katika mfumo huo wa chama kimoja ambamo Bernard Membe, mwishoni mwa muongo huohuo, alianza kazi ya uchambuzi wa usalama wa taifa katika Ofisi ya Rais. Ujuzi huo pekee hauelezi kupanda kwake. Ubunge wa Mtama mwaka 2000 na uwaziri wa Mambo ya Nje, 2007 hadi 2015, vyote vilipitia mlango wa CCM. Mwaka 2015 aliingia tano bora ya wawania urais wa chama hicho, akaishia hapo. Februari 2020 akafukuzwa uanachama.

Aligombea urais mwaka huo kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Hata hivyo, mwenyekiti wa chama hicho, Maalim Seif Sharif Hamad, alimuunga mkono hadharani Tundu Lissu wa CHADEMA. Yamkini mchambuzi huyu, aliyefunzwa kusoma nyendo za wengine, hakuzisoma vyema za waliompokea. Kwa matokeo rasmi, ambayo upinzani uliyakataa, alipata kura 81,129. Magufuli alipata zaidi ya milioni 12. Membe alirejea CCM mwaka 2022, akafariki dunia Mei 2023.