Macho ya mwanaspoti pia huhitaji mazoezi

MNAMO Februari 24, 2003, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Collins Obuya alitwaa wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24 pekee, na Kenya ikapata ushindi wa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia la kriketi. Obuya hakuwa mrushaji wa kasi. Silaha yake ilikuwa kifundo cha mkono, ambacho kiliuzungusha mpira kiasi kwamba mpigaji aliyeshindwa kukisoma mapema aliishia kuupiga upepo.

Kusoma huko ndiko wataalamu wa uoni katika michezo wanakokuchunguza. Mpira wa kriketi unaorushwa kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi. Mkwaju wa penalti, unaopigwa kutoka mita 11, humpa mlinda lango muda ambao aghalabu ni mfupi zaidi ya huo. Mchezaji anayengoja kuuona mpira hadi mwisho ndipo aamue atakuwa amechelewa.

Mwaka wa 2000, watafiti Michael Land na Peter McLeod wa Uingereza waliwavisha wapigaji wa kriketi kamera ndogo za kufuatilia mwendo wa macho. Matokeo yalikwenda kinyume na ushauri ambao makocha wengi wameurudia tangu zama, kwamba usiuondolee mpira jicho. Wapigaji hao waliutazama mpira ulipoachiliwa, kisha macho yao yakaruka mbele kuusubiri pale walipotarajia udunde. Aliyekuwa hodari zaidi ndiye aliyeruka mapema zaidi. Nchini Uholanzi, uchunguzi wa walinda lango uliochapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kuwa wenye ujuzi hungoja kidogo zaidi kabla ya kujitupa, na huukazia macho mguu wa mpigaji, hasa ule aliousimamia, pamoja na mpira wenyewe. Wanagenzi huhangaika kutazama kiwiliwili na mikono.

Kwa hivyo mchezaji bora hana lazima awe na macho makali kuliko wenzake; anajua tu pa kuyaelekeza. Albert Pujols, mmoja wa wapigaji waliotisha zaidi katika besiboli ya Marekani, alilithibitisha hilo mwaka wa 2004 alipokabiliana na Jennie Finch, mrushaji wa kike wa softiboli. Mpira wa softiboli ni mkubwa kuliko wa besiboli, na Finch aliurusha kutoka chini ya kiuno badala ya juu ya bega. Pujols alishindwa kabisa kuupiga. Macho yake hayakuwa yamebadilika. Dalili alizozizoea kwa miaka mingi ndizo hazikuwepo.

Hapa ndipo mwenye timu anapaswa kuchunga mfuko wake. Biashara ya kuwanoa wachezaji macho imepanuka mno, kuanzia mbao za taa zinazowaka ovyo ili mchezaji aziguse, hadi miwani inayoziba na kuachilia mwanga kwa zamu, na programu za kompyuta. Sherylle Calder wa Afrika Kusini, aliyekuwa mchezaji wa magongo, alivinoa vikosi vya raga vya Uingereza mwaka wa 2003 na Afrika Kusini mwaka wa 2007, na vyote viwili vikatwaa Kombe la Dunia. Sifa hiyo ni kubwa, ila vikosi hivyo vilikuwa na mengi mengine yaliyovibeba. Nchini Australia, Bruce Abernethy na Joanne Wood waliyapima mazoezi ya jumla ya macho kwa majuma manne na kuchapisha matokeo mwaka wa 2001: waliofanya mazoezi hayo hawakuwapita wenzao ambao hawakuyafanya. Mwaka wa 2015, tume ya biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya Carrot Neurotechnology ilipe dola 150,000 kwa kudai bila ushahidi wa kutosha kwamba programu yake ya Ultimeyes huboresha uoni.

Yenye ushahidi wa kuridhisha ni mazoezi yanayofungamana na mchezo wenyewe. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aligundua kuwa warushaji hodari wa mpira wa vikapu hulitulizia jicho eneo moja la ukingo wa kikapu kwa karibu sekunde nzima kabla ya kurusha. Timu moja ya wanawake wa chuo kikuu ilipofunzwa hivyo, mitupo yake huru iliyoingia katika mechi iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kufikia msimu wa pili. Jambo hilo halihitaji mtambo. Kocha wa shule ya kijijini aweza kumwambia mchezaji achague alama moja ukingoni, aikazie macho bila papara, ndipo arushe. Vivyo hivyo, kipa aweza kuonyeshwa mikwaju kwenye video ya simu, picha isimamishwe mguu unapokaribia kuugusa mpira, naye aseme utaelekea wapi kabla ya kuonyeshwa jibu.

Hata hivyo, hayo yote ni bure ikiwa mchezaji haoni sawasawa. Watoto wengi huitwa wazembe uwanjani kwa sababu hawaudaki mpira, kumbe hawaoni mbali na hakuna aliyewahi kuwapima. Chati ya herufi inayosomwa kutoka mita sita, jicho moja likiwa limefunikwa, yatosha kumtambua anayehitaji kupelekwa kwa mtaalamu wa macho. Apimwe kabla ya msimu kuanza. Akiandikiwa miwani, aulizie ile ya michezo yenye vioo vya plastiki ngumu, kwa kuwa ya kawaida yaweza kuvunjika na kumjeruhi jicho.