Sungusungu

Sungusungu (nomino, ngeli ya A-WA) ni jina la chungu mkubwa mweusi mwenye kuuma, ambalo kwa maana ya pili hutaja kikundi cha ulinzi wa jadi au mwanachama wake. Chungu hao hutembea na kushambulia kwa wingi, sifa inayohusianishwa na matumizi ya jina hilo kwa watu.

Maana ya pili ilienea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walipounda vikundi vya kukabiliana na wezi wa mifugo. Dola lilivikubali vikundi hivyo, na marekebisho ya sheria ya mgambo ya mwaka 1989 yakavipa uwezo wa kukamata wahalifu.

Nchini Kenya, neno hili lilishika mizizi Kisii na Nyamira, nyumbani kwa Abagusii (Ugusii). Vikundi vilivyoitwa hivyo vilianza kama doria za usiku dhidi ya wezi, lakini vikalaumiwa kwa kutoza fedha, kupiga na kuua washukiwa bila kesi. Oktoba 2010, chini ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka huo, serikali ilipiga marufuku makundi 33, yakiwemo Sungusungu na Chinkororo, kundi jingine la Ugusii.

Hivyo maana hiyo ya pili hubeba sura mbili zinazokinzana: Tanzania humtaja mlinzi anayetambuliwa kisheria, Ugusii, mwanachama wa kundi haramu.