Foleni ya Septemba 1939

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Ndani ya wiki moja, mbwa na paka wanaokadiriwa kufikia 400,000 waliuawa London, na waliowapanga foleni kwenye zahanati ni wenyewe waliowafuga. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Mabomu yalianza kuinyeshea London mfululizo tarehe 7 Septemba 1940, mwaka mzima baadaye.

Kinachonisumbua ni kwamba watu wale waliamini wanajiandaa. Kabla ya vita serikali ilikuwa imeunda kamati ya kulinda wanyama wakati wa mashambulizi ya anga, NARPAC, nayo ikatoa kipeperushi cha ushauri. Wafugaji waliambiwa wawapeleke wanyama mashambani mapema. Asiyeweza, wala hana wa kumwachia, basi huruma ni kumuua. Humohumo palikuwa na tangazo la bastola ya kuulia wanyama. Sasa mfikirie mama wa chumba kimoja mashariki mwa London, asiye na ndugu shamba. Mahandaki ya umma hayapokei mbwa. Watoto wake wameshahamishwa kwa treni. Katika ushauri wote ule, yeye amebakiwa na sentensi moja tu.

Siwezi kumwita katili. Lawama yangu naielekeza kwa walioandika, maana walianza na mwisho. Kamati hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuandikisha wanyama na kuwavisha vibati vyenye namba, ili atakayepotea kwenye mlipuko arudishwe kwao. Kibati cha shingoni, jamani! Kwa yule mama, hicho ndicho kilichostahili kutangulia.

Makao ya mbwa ya Battersea hayakufunga milango. PDSA, shirika la tiba ya bure kwa wanyama wa maskini lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917, lilipeleka vikosi vya uokoaji kwenye vifusi. Mwaka 1940 kiongozi wa kikosi kimoja alikuwa akifuatana na mbwa wake, Beauty, kama mwenzi wa safari tu. Siku moja Beauty akaanza kufukua bila kutumwa, na chini ya meza akakutwa paka, mzima. Alisaidia kuokoa wanyama 63. Nyayo zilimchubuka kwa kufukua, hata akapewa viatu vya ngozi.