Walimu wa UPE: Kujifunza Kazi Mbele ya Darasa

Huenda mtu aliyekufundisha kusoma na kuandika alikuwa yeye mwenyewe bado mwanafunzi. Kwa wengi waliosoma shule za msingi Tanzania Bara mwishoni mwa miaka ya 1970, ndivyo ilivyokuwa. Makala ya leo yanaangalia vijana waliokabidhiwa darasa kabla ya kupata cheti cha ualimu, na namna walivyojifunza kuliongoza.

Chanzo ni Azimio la Musoma la Novemba 1974. Chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Mpango huo ukajulikana kwa herufi tatu: UPE. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni 3 ilipofika 1980. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha.

Kuanzia 1976 serikali ikachagua njia nyingine. Vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa vijijini na kubaki huko huko. Kwa miaka mitatu walifundisha sehemu ya siku. Muda uliobaki walisoma ualimu kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa msaada wa wakufunzi waliozunguka shule hadi shule. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache na kufanya mtihani. Mpango ulipokoma mwaka 1984, zaidi ya 35,000 walikuwa wamehitimu.

Je, kijana ambaye jana alikuwa mwanafunzi angewezaje kutuliza darasa lililofurika? Wapo watoto walioandikishwa wakiwa wamechelewa, hivyo darasa moja lilichanganya wa miaka 7 na waliowazidi kwa miaka kadhaa. Wazazi nao walimjua mwalimu huyo tangu utotoni. Kwake, heshima haikuja na cheo, ilibidi aijenge.

Nyenzo zake zilikuwa za kawaida: kuita mahudhurio, kuteua viranja, kugawa watoto katika makundi, na zaidi ya yote, andalio la somo. Mwalimu asiyejua atakalofanya dakika kumi zijazo huwaachia watoto nafasi ya kuamua wenyewe. Aliyejiandaa hahitaji kupaza sauti mara kwa mara.

Hapo ndipo mpango huu ulipokuwa na nguvu yake. Mwanachuo wa kawaida alifanya mazoezi ya kufundisha kwa majuma machache, mkufunzi akiwa nyuma ya darasa, kisha akaondoka. Kijana wa kijijini alilijaribu darasani alilolisoma jana, na likishindikana aliwakuta watoto wale wale kesho yake. Kosa halikuweza kuachwa nyuma, lilipaswa kurekebishwa.

Hata hivyo, wenye dhihaka waliigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli hiyo iliwaumiza watu waliobeba mzigo ambao taifa zima lilikuwa limeuahidi. Ni kweli kwamba elimu yao wenyewe ilikuwa fupi, na si haki kulificha hilo. Lakini mengi yaliyoharibika hayakutokana nao. Baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Mafuta, karatasi na vitabu vikawa adimu. Mkufunzi asiye na usafiri hawezi kumfikia kijana aliye peke yake mbele ya darasa.

Tanzania ilirudia jambo linalofanana na hilo katika mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakamiminika shuleni, na mafunzo ya walimu yakapangwa mwaka mmoja chuoni na mwingine shuleni.

Historia hii inatuachia kipimo kimoja. Darasa la mwalimu mwanafunzi linapokuwa na vurugu, wengi huuliza alipata alama gani. Swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: ni nani aliyekuwa karibu naye, wa kumtazama akifundisha na kumwelekeza jioni ile ile? Pale alipokuwapo mtu huyo, kijana wa darasa la saba aliweza kuwa mwalimu.