Malipo ya kutazama ndondi
Ndondi za runingani hulipiwa kwa kifurushi cha mwezi, kama cha Azam TV iliyoanza mwaka 2013, au kwa pambano moja moja. Pambano la Mayweather na Pacquiao, Mei 2015, liliuzwa Marekani kwa takriban dola 100 kwa nyumba. Kwa mkulima wa Kabungu, mkoani Katavi, ambaye fedha humjia msimu wa mavuno, njia ya pili ina mantiki zaidi, na Tanzania inayo sura yake ya siku nyingi: kibanda umiza, mabenchi ya mbao, kiingilio mlangoni. Anayesema kifurushi ni nafuu kwa mtazamaji wa kila wiki hakosei. Lakini mapambano makubwa ni machache, nacho kifurushi huisha hata king'amuzi kikizimwa mwezi mzima.